Kabla ya Programu Kulikuwa na Mkono: Historia Fupi ya Kutafuta Parking

Wiki tatu zilizopita kampuni moja changa ilinitafuta nifanye kazi. Video ya sekunde tisini, shilingi 15,000. Wana programu ya simu inayokuonyesha ni wapi mjini kuna nafasi ya kupaki, saa hiyo hiyo unapouliza. Kwa mtu ambaye mara ya mwisho alilipwa kwa katoni mbili za sabuni, hiyo ni doh safi. Nilikuwa nishasema ndiyo kabla sijasoma skripti.

Kusoma skripti, nikakuta mstari mmoja umepigiwa alama nyekundu, eti lazima niuseme nikiangalia kamera: "Sema kwaheri kwa parking boys."

Hapo nikakwama. Siku mbili tu kabla ya hiyo skripti kuja, parking boy mmoja alikuwa ameniokoa, na huyo "boy" ana mvi. Ngoja niwaambie, halafu tuingie kwa historia, kwa sababu hii stori ni ndefu kuliko simu zetu.

Mathe alikuwa na kliniki ya macho saa tatu asubuhi. Nikaomba mjomba Vitz yake. Tukafika town saa mbili na dakika ishirini, nikajiambia tumefika mapema. Wee! Nilizunguka Kenyatta Avenue, Koinange, Muindi Mbingu, nikarudi nilikotoka. Raundi ya kwanza mathe alikuwa ananipigia stori za majirani. Raundi ya pili akanyamaza. Raundi ya tatu akasema polepole, "Nishukie tu hapa, nitatembea." Mtu haoni vizuri, ndiyo maana anaenda kliniki ya macho, na anataka kuvuka barabara ya mjini peke yake kwa sababu mimi sipati mahali pa kuweka gari.

Saa tatu kasorobo hivi, mzee mmoja wa koti la kuakisi lililopauka akainua mkono kutoka mbali. Vidole viwili, halafu akaelekeza kona. Nikafika kwake, akaniambia, "Kijana, ile Premio nyeupe inatoka. Kaa hapo, washa indiketa." Sikuona mtu yeyote ndani ya Premio. Dakika moja baadaye mama mmoja akatoka duka la vitambaa na mifuko, akaingia, akaondoka. Nikapaki. Nikampa mzee hamsini.

Tulipotoka kliniki nilimuuliza alijuaje. Akacheka. "Nilimwona akiingia, nikaona amekuja kuchukua, hajakuja kuchagua. Wa kuchukua hakai." Akaniambia alianza kazi hiyo akiwa na miaka kumi hivi, mwanzoni mwa enzi za Moi.

Sasa hebu fikiria alichonipa. Aliniambia nafasi iko wapi, itafunguka lini, na nifanye nini nisiipoteze. Hiyo ndiyo ile kitu makampuni yanaita taarifa za maegesho za wakati huo huo. Kaifanya miaka arobaini bila chaji ya betri.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iligoma. Lakini kuacha chuo si kuacha kusoma, na hizi wiki tatu nimesoma kuhusu parking kuliko nilivyowahi kusoma kwa mtihani wowote. Nilichopata ni hiki.

Tatizo lilianza na mtu anayekaa siku nzima

Twende Oklahoma City, Marekani, miaka ya 1930. Magari yamejaa mjini. Wenye maduka wanalia kwamba wateja hawapati pa kusimama. Ukiangalia vizuri, magari yaliyojaa pale nje si ya wateja. Ni ya watu wanaofanya kazi mjini. Wanafika asubuhi, wanapaki, na gari linakaa hapo mpaka jioni.

Mwanahabari mmoja, Carl Magee, ambaye pia alikuwa kwa kamati ya trafiki ya wafanyabiashara wa mji huo, akapata wazo la mashine ya kuhesabu muda. Profesa mmoja wa uhandisi, Holger Thuesen, na mwanafunzi wake wa zamani, Gerald Hale, wakasaidia kuitengeneza. Tarehe 16 Julai 1935, mita ya kwanza ya maegesho ikaanza kazi Oklahoma City. Senti tano za dola kwa saa.

Watu walikasirika sana. Yaani nilipe kusimama barabarani, na barabara nishailipia kodi? Hata sisi tungekasirika. Lakini mita ilifanya kitu kimoja, ilifanya kukaa kuwe na bei. Ukimaliza shughuli yako, unaondoka. Ukiondoka, mwingine anapata.

Shikilia hiyo pointi, tutairudia tukifika Nairobi.

Mwaka 1954 mwanauchumi William Vickrey akaenda mbele zaidi. Alisema bei ya kupaki isiwe moja siku nzima. Nafasi zikikaribia kuisha, bei ipande. Zikiwa tupu, ishuke, hata ifike sufuri. Kwa njia hiyo nafasi chache zitakuwa wazi kila wakati kwa yule anayezihitaji kweli. Wakati huo mashine za kufanya hivyo hazikuwepo, kwa hivyo wazo likakaa kwenye karatasi. Vickrey alitangazwa mshindi wa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1996, akafariki siku tatu baadaye.

Ubao wa Aachen

Mpaka hapo tunaongea kuhusu bei. Taarifa nazo zilianza lini?

Mji wa Aachen, Ujerumani, ndio hutajwa kama wa kwanza kuweka mfumo wa kuelekeza madereva kwenye maegesho, mwaka 1971. Fikiria mabango barabarani yanayokuambia jengo lile la kupaki liko upande gani na kama bado lina nafasi. Kazi yake si ngumu kuelewa. Geti linahesabu gari likiingia, linahesabu gari likitoka. Toa, unapata nafasi zilizobaki. Namba inatumwa kwa bango.

Huo mfumo ulienea Ulaya na kwingineko, na mpaka leo ndio unaofanya kazi vizuri zaidi. Ile mall unayoenda yenye taa za kijani na nyekundu juu ya kila nafasi ni mtoto wake. Inafanya kazi kwa sababu jengo lina geti na kuta. Hakuna anayeingia bila kuhesabiwa.

Barabara haina geti. Hapo ndipo ngori inaanza.

Tunazunguka kiasi gani?

Kama kuna jina moja la kukumbuka kwa hii stori, ni Donald Shoup, profesa wa UCLA, Los Angeles, aliyefariki 2025. Alitumia karibu maisha yake yote ya kazi kusoma parking. Kitabu chake kikubwa kilitoka 2005, na ni kinene kuliko Biblia ya shosh.

Shoup alikusanya tafiti 16 zilizofanywa miji mbalimbali kati ya 1927 na 2001. Ukichukua wastani wake, karibu asilimia 30 ya magari yaliyokuwa barabarani katikati ya hizo sehemu yalikuwa yanatafuta tu pa kupaki, na kila moja lilichukua kama dakika 8. Yeye mwenyewe alionya kwamba hizo tafiti zilifanywa mahali ambapo tatizo lilikuwa tayari kubwa, kwa hivyo usichukue hiyo 30 useme ni ya kila mji duniani. Watu wengi mtandaoni hufanya hilo kosa.

Halafu yeye na wanafunzi wake wakapima mtaa mmoja wa Los Angeles unaoitwa Westwood Village. Mtaa mdogo, vitalu 15 tu. Kila dereva alikuwa anazunguka dakika 3 na kitu kabla ya kupata. Unaona si nyingi, sivyo? Lakini jumlisha magari yote, siku zote za mwaka. Ilifika kilomita kama milioni moja na nusu kwa mwaka. Hiyo ni kuizunguka dunia mara 38, ndani ya vitalu 15, bila kufika popote. Lita za petroli zaidi ya 170,000 zinaungua kwa sababu hakuna mtu wa kuinua mkono.

Dereva anachaguaje?

Hapa ndipo nilijielewa mwenyewe, ile asubuhi na mathe.

Dereva asiye na taarifa ana chaguo tatu. La kwanza, apaki mbali mahali anajua kuna nafasi, halafu atembee. La pili, aende moja kwa moja hadi mlangoni pa anakoenda, akitumaini. La tatu, azunguke. Wengi wetu tunaanza na la pili, tunaishia la tatu, na tukichoka kabisa ndipo tunakubali la kwanza.

Kwa nini tunazunguka hata baada ya kuona hakuna nafasi? Kwa sababu kila ukipita kona unaona gari likitoka, na mwingine ameliwahi. Unajiambia, ningekuwa sekunde kumi mbele ingekuwa yangu. Hiyo ni kamari. Na kama kamari zote, unazidi kucheza kwa sababu nusura ushinde.

Sasa mpe huyo dereva taarifa. Mwambie pale mbele kumejaa, lakini mitaa miwili nyuma kuna nafasi sita. Hapo hesabu inabadilika. Kutembea dakika tano kwa uhakika ni bora kuliko kuzunguka dakika kumi na tano kwa matumaini. Faida yenyewe ya taarifa ni hiyo, kukufanya ukubali mapema kutembea.

Lakini taarifa ya barabarani inaoza haraka kuliko samaki. Simu inakuambia kuna nafasi moja mtaa fulani. Uko dakika nne kutoka hapo. Na kuna watu wengine kumi wameonyeshwa nafasi hiyo hiyo. Wote mnakimbilia. Mmoja anapaki, wengine mnaanza kuzunguka upya, sasa mkiwa wengi mahali pamoja. Taarifa ikipewa watu wote kwa namna moja, inaweza kuleta msongamano badala ya kuuondoa.

Mzee wa koti alilijua hilo bila chuo. Nafasi moja, anaambia dereva mmoja.

San Francisco walijaribu kwa pesa nyingi

Mwaka 2011 San Francisco ilizindua mradi ulioitwa SFpark. Waliweka vihisi chini ya lami kwenye nafasi zaidi ya 8,000 za barabarani. Kihisi kinajua kama juu yake kuna gari au hakuna. Data inakwenda kwenye programu ya simu, dereva anaona mtaa upi umejaa na upi una nafasi.

Lakini pia walifanya lile wazo la Vickrey la 1954. Lengo lao lilikuwa kila mtaa uwe umejaa kati ya asilimia 60 na 80. Mtaa ukizidi 80, bei inapanda senti 25 kwa saa. Ukiwa chini ya 60, bei inashuka. Hawakubadilisha kila dakika, walibadilisha kila baada ya wiki kadhaa ili watu wazoee.

Matokeo yalipochapishwa 2014, muda wa kutafuta nafasi ulikuwa umeshuka kwa asilimia 43 katika sehemu za majaribio, na asilimia 13 katika sehemu za kulinganisha. Na wastani wa bei haukupanda. Ulishuka kidogo, kwa sababu mitaa mingi ilikuwa inatozwa ghali bila sababu.

Sasa sikiliza mwisho wake. Vihisi vilizimwa mwishoni mwa 2013. Betri zilikuwa zinakufa na kuvibadilisha ni gharama. Zile taarifa za wakati huo huo kuhusu barabara, ambazo ndizo watu wote walikuwa wanazisifu, zikaisha. Lakini bei ziliendelea kubadilishwa kwa kutumia data ya malipo ya mita tu, na baadaye mpango huo wa bei ukapanuliwa hadi mji mzima.

Yaani kilichobaki si programu. Kilichobaki ni ile sheria ya kufanya nafasi ziwepo. Kwa sababu kama nafasi hazipo kabisa, taarifa sahihi zaidi duniani itakuambia tu kwamba hazipo.

Na mji huo huo, 2014, kulitokea programu inayoitwa MonkeyParking. Ukiwa umepaki barabarani, unaweza kupiga mnada habari kwamba unataka kutoka. Anayelipa zaidi anakuja kuchukua nafasi yako. Mwanasheria wa jiji, Dennis Herrera, akawaandikia barua waache, kwamba barabara ni ya umma na huwezi kuiuza. Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu kwa mathree. Hiyo si ni yule jamaa wetu wa kuweka jiwe barabarani, aliondoe ukimpa mia? Tofauti ni kwamba mmoja aliitwa mbunifu.

Turudi nyumbani

Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Wanasema Kenyatta Avenue, iliyokuwa Delamere Avenue, ilifanywa pana ili mkokoteni wa ng'ombe wengi uweze kugeuka. Leo ule upana ni magari yaliyopaki.

Miaka ya sitini na sabini, mji ulipokua, watoto wengi walikuja katikati ya jiji kutafuta riziki. Wakaona kitu wapangaji wa mji hawakukiona, kwamba dereva yuko tayari kulipa ili aambiwe nafasi iko wapi, na gari lake liangaliwe. Wakaitwa parking boys. Kazi ndiyo iliwapa jina, na baadaye jina hilo likawa la kila mtoto wa mtaani, hata ambaye hajawahi kuelekeza gari. Mwaka 1973 padri Mholanzi, Arnold Grol, alianzisha Undugu Society kufanya kazi na hao vijana.

Linganisha tarehe. Aachen wanaweka mabango 1971. Miaka hiyo hiyo, watoto wa Nairobi wanafanya kazi hiyo kwa mikono. Mmoja yuko kwenye historia ya teknolojia, mwingine yuko kwenye ripoti za umaskini.

Sitaki kupaka rangi. Kuna madereva walioibiwa side mirror, waliokwaruzwa gari kwa kukataa kulipa, kina dada waliotishwa usiku. Hayo ni ya kweli na hayana utetezi. Lakini tusiseme hao watu hawana kazi wanayofanya. Kazi ipo. Ilikuwepo kabla simu hazijaingia mfukoni.

Sasa ile pointi ya Oklahoma. Ada ya kupaki barabarani katikati ya Nairobi ni ya siku. Mwaka 2013 kaunti ilipopandisha ya magari madogo kutoka shilingi 140 hadi 300 kwa siku, kelele zilikuwa nyingi. Watu walipigania kiasi. Wachache waliuliza kuhusu lile neno "kwa siku". Ukishalipa ya siku, huna sababu ya kutoka. Anayefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi anakaa mpaka jioni kwa bei ile ile ya mathe yangu anayetaka saa moja ya kliniki. Hilo ndilo tatizo la 1935, tumelibeba hadi leo.

Halafu malipo yakahamia kwa simu. Fiti, hakuna foleni ya tiketi. Lakini unaandika namba ya gari na eneo, basi. Mfumo unajua gari gani limelipa. Haujui limesimama nafasi ipi wala limeondoka saa ngapi. Tuna data ya pesa, hatuna data ya nafasi. Kwa hivyo programu yoyote itakayokuja kukuonyesha nafasi za barabarani town italazimika kubahatisha, au kuweka vihisi vya mamilioni, au kumuuliza mtu aliyesimama pale.

Nilichowajibu

Niliwaandikia ile kampuni. Nikasema nitafanya video, lakini ule mstari siusemi. Nikawaambia pia, bila kuulizwa, kwamba kama wana akili waanze na wale wanaume na vijana wa makoti. Wape simu, wape kitambulisho chenye namba ili mtu akikutisha umripoti, wawalipe kwa kila taarifa iliyo sahihi. Yule mzee anajua ni mtaa upi hupungua magari baada ya chakula cha mchana na ni upi hujaa mwisho wa mwezi. Hiyo data haiko kwenye kompyuta yoyote. Siku akiacha kazi, inaenda naye.

Walinijibu kwa sentensi moja, kwamba wateja wao wanataka "uzoefu usio na usumbufu." Kazi wakampa mtu mwingine. Video ishatoka, mmeiona, siwezi kumlaumu jamaa, karo na kodi ni zetu sote.

Mathe nilipomwambia nimeacha elfu kumi na tano, alininyamazia kama ile raundi ya pili. Baadaye akauliza, "Yule mzee wa mkono ulimwambia?" Nikasema hapana. Akasema, "Usimwambie. Mpe tu mia siku hiyo, si hamsini."

Kliniki ya pili ni mwezi ujao. Nimepakua ile programu, nitaijaribu njiani kwa haki kabisa, na nitawaambia ilifanyaje. Lakini nikifika kwa ile kona, nitapunguza mwendo na kuangalia nje kwanza.

Na wewe, wa kwenu wa koti unamjua jina?